Vijana wa Adu Waitwe Kabla Ukuta Haujasimama

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii wanafunzi wetu huikariri darasani, huieleza maana yake katika mtihani, wakapewa alama zao na kwenda zao nyumbani. Lakini ni mara chache sana sisi watu wazima huwauliza wanafunzi hao hao swali ambalo methali yenyewe inalidai: ninyi mnaokilalia kitanda hiki, kunguni wako wapi?

Kitanda tunachokizungumzia leo ni Adu. Msomaji asiyepajua na apate kufahamu kwamba Adu ni kituo cha biashara katika nchi ya Magarini, kaskazini ya mto Sabaki, Kaunti ya Kilifi. Ni mbali na fuo za Malindi zinazopigwa picha na watalii. Huku ni nchi ya udongo mwekundu, ya vichaka na mihindi inayosubiri mvua, na ya malambo yanayokauka kiangazi kikizidi. Adu pia ni jina la wadi, moja kati ya wadi sita za Magarini, na wengi wa watu wake ni Wagiriama.

Vituo kama hiki hukua pasipo kelele. Duka moja huongezwa kibaraza. Waendeshaji bodaboda hujipatia kivuli chini ya mti. Fundi wa cherehani husogeza meza yake karibu na njia. Halafu siku moja watu huamka na kukuta kwamba kijia walichopitia watoto kwenda shule kimezibwa kwa mabati, na kwamba uwanja uliochezewa kandanda umewekewa vigingi. Hapo ndipo mabaraza huitishwa, na hapo ndipo huwa tumechelewa.

Hoja ya safu hii ni moja. Vijana wa Adu, wakiwemo wanafunzi walio darasani hivi sasa, waitwe wakati mji wao ungali mchoro, wala wasisubiriwe mpaka ukuta usimame ndipo wapewe brashi waupambe. Na kwa kuwa lugha ya mipango ya serikali ni nzito hata kwa wazee wao, waitwe kwa lugha wanayoiweza, nayo ni sanaa: kuchora, kufinyanga, kuigiza, kuimba na kupiga picha.

Tuanze na sheria, maana kuna wanaodhani kwamba kuwauliza vijana ni hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba vijana wanapata nafasi ya kuwakilishwa na kushiriki katika mambo ya siasa, ya jamii na ya uchumi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti zipange maendeleo yao kwa kuwahusisha wakazi, na kila baada ya miaka mitano kaunti huandika mpango wake.

Hata hivyo, mwanafunzi mwerevu atanyosha mkono hapa. Atasema kwamba kwa mujibu wa Katiba kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafika 35. Je, yeye wa miaka 14 yuko wapi? Jibu ni kwamba yeye ni mtoto, na mtoto naye ana haki yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yatiliwe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Na ni jambo gani linalomhusu mtoto kuliko njia anayoipita kila asubuhi?

Sheria tunazo, basi. Lakini tazama jinsi mikutano ya kutoa maoni inavyokuwa mahali pengi. Wazee hukaa mbele kwenye viti. Akina mama hukaa chini ya mti, kando. Vijana husimama nyuma, na wanafunzi wako shuleni kwa sababu mkutano huitishwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Afisa hufungua kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, chenye majedwali na takwimu, akasoma haraka, kisha akauliza: "Mnahitaji nini?" Hujibiwa: maji, barabara, zahanati. Maneno hayo huandikwa, karatasi ya mahudhurio hutiwa sahihi, na mkutano hufungwa kwa sala.

Hakuna uongo katika majibu hayo. Maji yanahitajika, na yanahitajika sana. Lakini neno "maji" halimwambii mpangaji bomba lipite wapi, kioski kijengwe upande gani, wala foleni ikae kwenye kivuli kipi. Mpe sasa binti wa gredi ya saba kipande cha makaa na karatasi pana, umwambie achore safari yake ya kuteka maji. Atachora nyumba, kisha kijia. Atachora mti anapotua dumu apumzike. Atachora kichaka anachokipita mbio kwa kuwa jioni kinatisha. Atachora mahali ambapo ng'ombe na watu hunywa pamoja. Katika karatasi hiyo moja mpangaji amepata urefu wa njia, saa za hatari, chanzo cha ugonjwa na mahali pa kuupanda mti mwingine. Lau angaliuliza kwa mdomo mbele ya wazee, binti huyo angalinyamaza, maana adabu humfunga.

Hii ndiyo kazi ya sanaa tunayoitetea. Sanaa ya jamii ni njia ya kufikiri pamoja, na urembo wake huja baadaye.

Pengine kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya wageni. La hasha. Wamijikenda ni watu wa kupanga mahali. Kaya zao za kale zilijengwa ndani ya misitu kwa utaratibu maalumu: njia za kuingilia, malango, na katikati uwanja wa mashauri uitwao moro. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika la UNESCO, uliziingiza kaya hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Aliyeijenga kaya hakuwa na shahada ya chuo kikuu, lakini alijua kwamba kijiji kisicho na pahali pa kukutania si kijiji.

Na sanaa yao ilikuwa sehemu ya mpango huo. Mwanachama wa chama cha Gohu alipofariki, Wagiriama walimchongea kigango, yaani nguzo ya mti yenye nakshi za pembetatu na mistari, ikasimamishwa pale pale penye mji wake. Kigango kilikuwa cha mahali. Ndiyo maana vigango vilipoibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo, vikawekwa kwenye makumbusho na nyumba za matajiri, viligeuka vigogo vya kutazamwa tu. Mwaka 2007 viwili kati ya hivyo, vilivyoibwa katika miaka ya 1980, vilirudishwa Kenya kutoka Marekani. Funzo lake kwa mada yetu ni kwamba sanaa ing'olewayo mahali pake hupoteza kazi yake. Vivyo hivyo, picha inayoletwa na mgeni na kubandikwa ukutani pa Adu bila mwana-Adu kuulizwa ni mapambo yasiyo na mwenyewe.

Isitoshe, katika historia ya nchi hii, ngoma iliwahi kuwa baraza. Mekatilili wa Menza, mwaka 1913, alitumia ngoma ya kifudu kuwakusanya watu kijiji hata kijiji na kuwaeleza kwa nini waikatae serikali ya kikoloni iliyotaka kodi na vibarua. Mwanamke yule, ambaye sanamu yake ilizinduliwa Malindi mwaka 2010, alijua kwamba watu wasiosoma tangazo la serikali wanaweza kuusoma mwendo wa ngoma.

Tunapolitaja jina lake hatuna budi kukumbuka kilichofuata. Mwaka 1914 Waingereza waliamuru Wagiriama waliokaa kaskazini ya Sabaki wahame warudi kusini ya mto. Kwa mstari mmoja wa kalamu ya afisa, mto ukageuzwa mpaka, na mashamba yenye rutuba yakawa marufuku kwa wenyewe. Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti mwaka huo huo. Baadaye watu waliruhusiwa kurudi, lakini jeraha lilibaki. Hiyo ilikuwa ramani ya kwanza ya Magarini kuchorwa pasipo kuwauliza waliokuwamo.

Ya pili ilichorwa kwa nia njema. Mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali huru ya Kenya, kwa msaada wa Australia, ilianzisha mradi wa makazi wa Magarini. Ardhi ilipimwa ikakatwa vipande kwa mistari iliyonyooka, vichaka vikafyekwa kwa mashine, na familia zikatarajiwa kuacha kilimo cha kuhamahama zikae kila moja katika kipande chake. Lakini Wagiriama walikuwa wamezoea miji iliyotawanyika kwa kufuata udongo, mvua na ukoo. Maji yalisumbua tangu mwanzo, na udongo uliovuliwa miti ulianza kuchukuliwa na mvua. Mwaka 1991 watafiti watatu, Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson, walichapisha kitabu kizima kuhusu mradi huo. Jina la kitabu lenyewe linadokeza njia iliyosakafiwa kwa nia njema, na kila mtu anajua njia hiyo huelekea wapi.

Hatusemi kwamba watoto wangepewa makaa na karatasi mwaka 1978 mradi ungefanikiwa. Ukame haufukuzwi kwa picha. Tunachosema ni kwamba mvulana mchunga mbuzi wa siku zile alijua ni lambo lipi hukauka kwanza, na ni kisima kipi maji yake ni ya chumvi. Ujuzi huo ulikuwapo, bure, umbali wa hatua chache kutoka kwenye hema la wapimaji. Mvulana yule leo ni babu, na wajukuu wake wamo katika shule za Adu. Je, nao wapitwe?

Kwingineko Afrika Mashariki vijana hawakusubiri. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kwa herufi MYSA kilianzishwa mwaka 1987, na kikaweka kanuni ya ajabu: timu ilipata pointi katika ligi kwa kushinda mechi, na pia kwa kusafisha mtaa. Mwaka 1997 baadhi ya vijana wa chama hicho walipewa kamera za kawaida wakapiga picha za maisha yao wenyewe, na picha zile zikachapishwa kitabu. Kabla ya hapo Mathare ilipigwa picha na wageni, na wageni hupenda kupiga taka. Wenyeji walipopewa kamera walipiga pia harusi, michezo, mama akisuka nywele, mtoto akisoma.

Kibera nayo, mwaka 2009, vijana walijifunza kutumia vifaa vya kupimia mahali, wakauchora mtaa wao ambao katika ramani nyingi ulionekana kama nafasi tupu. Walitia zahanati, vyoo, shule, mifereji na sehemu za hatari. Mwaka huo huo msanii Mfaransa aitwaye JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa pale. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba picha hizo zilichapwa kwenye turubai lisilopitisha maji. Mvua iliponyesha, sanaa ile ilikuwa paa. Huo ni mfano wa sanaa iliyofikiria shida ya mwenye nyumba, ingawa wazo lilitoka kwa mgeni.

Jirani zetu wa Tanzania walianzisha mwaka 2015 kazi iitwayo Ramani Huria jijini Dar es Salaam. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi pamoja na wakazi walitembea katika mitaa inayofurika, wakaandika kila mfereji na kila nyumba, na mara nyingi walimwuliza mkazi jambo moja tu: maji ya mafuriko yalifika wapi mwilini mwako? Kwenye goti? Kiunoni? Jibu la mwili likageuzwa ramani. Hakuna shule ya Adu isiyoweza kufanya hivyo kuhusu ukame: lambo hili huisha mwezi gani, na likiisha unatembea mpaka wapi?

Ingekuwa hadaa, hata hivyo, kusifu upande mmoja. Kuna mfano wa kusini mwa bara letu unaotupasa kuwa macho. Katikati ya miaka ya 1990, huko Johannesburg, Afrika Kusini, watoto wa mtaa wa mabanda ulioitwa Canaansland walishirikishwa na mtaalamu Jill Swart-Kruger katika utafiti wa kimataifa kuhusu maisha ya watoto mijini. Walichora nyumba zao, wakatembeza watafiti mitaani, wakaeleza wanachotaka: choo safi, mahali pa kusomea, usalama barabarani. Meya wa jiji aliitisha mkutano akawasikiliza. Muda mfupi baadaye mtaa mzima ulihamishwa na kupelekwa nje ya mji, zaidi ya kilomita 40. Michoro ilisifiwa na waliochora wakaondolewa.

Mwaka 1992 mwanazuoni Roger Hart aliandika kijitabu kwa ajili ya shirika la UNICEF akifananisha ushiriki wa watoto na ngazi. Vidato vitatu vya chini, alisema, si ushiriki kamwe: kuwatumia watoto kama vikaragosi, kuwafanya pambo, na kuwaweka mbele kwa jina tu. Kila mwalimu anavijua vidato hivyo. Ndivyo watoto wanavyosimamishwa juani saa tatu wakimsubiri mgeni wa heshima, waimbe wimbo waliotungiwa, kisha wafukuzwe wakati wa chai. Ndivyo pia wanavyopewa makopo ya rangi siku ya uzinduzi wa jengo ambalo hawakuulizwa lijengwe wapi, wakaacha alama za viganja vyao ukutani, picha zikapigwa, na mwaka wa pili ukuta ukapakwa upya tangazo la sabuni.

Na kuna mfano wa watoto walioitwa na dhiki yenyewe. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Waliuangusha kwa mikono, na polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi. Taifa zima liliona haya. Uwanja ulirudi, na tangu hapo suala la hatimiliki za ardhi ya shule likapata msukumo mpya. Lakini ni nani anayetaka mwanawe ajifunze ushirikishwaji kwa kuvuta gesi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili, usipochora uwanja mapema utaubomoa ukuta.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu kwa Adu. Pwani yetu ina ugonjwa wa zamani wa ardhi. Familia nyingi zimelima kizazi baada ya kizazi pasipo hati. Mahali kama hapo, ardhi ya umma ndiyo ya kwanza kupotea, kwa kuwa haina mlinzi: uwanja wa mpira, njia ya mifugo, kivuli cha soko, eneo la lambo. Mchoro wa wanafunzi si hatimiliki, na asidanganywe mtu kwamba ni hatimiliki. Lakini uwanja uliochorwa ukutani kwa rangi, pakaandikwa tarehe, na kijiji kizima kikaushuhudia, ni mgumu kunyakuliwa usiku kuliko uwanja ambao haumo katika karatasi yoyote.

Kazi hii ifanyweje? Tunatoa maoni yetu kwa unyenyekevu, walimu wayapime.

Kwanza, matembezi. Mwalimu achague Jumamosi moja, atoke na wanafunzi thelathini waizunguke Adu kwa miguu, wasichana na wavulana katika makundi mbalimbali, kwa sababu njia zao hazifanani na hofu zao hazifanani. Watoto wenye ulemavu wasiachwe nyuma. Anayetembelea magongo huona mtaro ambao wengine huuruka tu.

Pili, mchoro. Vifaa havihitaji mfadhili. Makaa yako kila jikoni. Udongo mwekundu ukikorogwa ni rangi, na chokaa ni rangi. Anayeona haya kuchora afinyange: udongo, vijiti na vipande vya makuti vinatosha kuujenga mji mzima juu ya meza. Faida ya mji wa udongo ni kwamba mtu anaweza kuichukua zahanati kwa mkono akaisogeza, na mwenzake akairudisha akieleza sababu. Hayo ndiyo majadiliano ya mpango.

Tatu, soko. Kazi hiyo isifungiwe kabatini ikisubiri mkaguzi. Itandazwe sokoni siku ambayo watu ni wengi, na wanafunzi wasimame kando yake waeleze. Kila mpita njia apewe punje tatu za mahindi aziweke penye mambo matatu anayoyaona ya kwanza. Mama muuza mboga asiyejua kusoma atakuwa amepiga kura ya mpango wa mji kwa punje.

Nne, wazee. Hatutaki vijana wafundishwe kuwapuuza walio wakubwa kwao. Kila mchoro upelekwe kwa mzee mmoja aulizwe: hapa palikuwa na nini zamani? Mzee atasema palikuwa na mkondo wa maji kabla ya barabara, au palizikwa watu. Kijana atajua kwa nini ukuta wa duka fulani hupasuka kila masika, na mzee atajua kwamba bado ana mwanafunzi.

Tano, na hili ndilo gumu, jibu. Msimamizi wa wadi na afisa wa mipango wa kaunti waitwe waione kazi, waitie sahihi, na waahidi kurejea kabla ya muhula kuisha waseme yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa na kwa sababu gani. Kijana hakatishwi tamaa na neno "hapana" lenye sababu. Hukatishwa tamaa na ukimya. Ahadi ni deni, na serikali inayokopa maoni ya watoto bila kuyalipa hulea raia wasioamini kitu.

Baada ya hayo yote, ndipo rangi za ukutani zije. Ukuta wa shule, wa soko au wa tangi la maji upambwe kwa mpango uliokubaliwa, ili anayepita akumbuke kilichoahidiwa. Hapo brashi itakuwa imekuja wakati wake.

Tunazijua pingamizi. Mwalimu atasema mtaala umejaa na mitihani inamsubiri. Tunamhurumia, maana madarasa ni makubwa na walimu ni wachache. Lakini mtaala wa umilisi, ambao majaribio yake yalianza mwaka 2017, umejengwa juu ya nguzo hizo hizo: mawasiliano, ushirikiano, ubunifu na uraia. Kupima njia kwa hatua ni hesabu. Kumhoji mzee ni Kiswahili na historia. Kuchora ni sanaa, na kusimama sokoni ukajieleza ni insha ya mdomo kuliko ile ya darasani. Kazi moja itaokoa vipindi vingi.

Wapo pia watakaosema kwamba watoto wataomba bwawa la kuogelea na uwanja wa ndege. Huenda mmoja akaomba. Lakini wanaokumbuka viongozi wazima walivyowahi kuahidi mambo makubwa kuliko hayo majukwaani hawatamcheka. Uzoefu wa Mathare na Johannesburg unaonyesha kwamba watoto, wakiulizwa kwa makini, huomba vitu vidogo vinavyowezekana: choo chenye mlango, taa, kivuli, mahali pa kusomea, barabara isiyoua.

Na wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi. Jibu letu ni swali: ni fedha ngapi zimekwisha zikwa katika miradi ambayo wenyeji hawakuulizwa? Kisima cha maji ya chumvi kina gharama. Soko lililojengwa mahali pasipopita mtu, likageuka zizi la mbuzi, lina gharama. Makaa na karatasi ni kitu gani mbele ya hayo?

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi, na yeyote anayeingia darasani au sokoni huona kwa macho yake jinsi wengi wao walivyo wadogo wa umri. Hao ndio watakaoishi katika mji unaopangwa leo, wakati waliotia sahihi mipango watakuwa wamestaafu au wametangulia mbele ya haki. Si haki mtu ajengewe nyumba ya miaka hamsini asiulizwe mlango wake uelekee wapi.

Kwenu walimu wa Adu na wa Magarini nzima: msisubiri waraka kutoka juu. Jumamosi moja na gunia la makaa vyatosha kuanzia. Kwenu wanafunzi: msisubiri kuitwa vijana na sheria ndipo mjue kwamba mji ni wenu, na mkichora, choreni kweli, hata ile isiyopendeza. Nanyi viongozi wa kaunti na wadi: mkiitwa sokoni kuuona mji wa udongo, njooni, inameni mtazame kwa karibu, na kalamu zenu ziwe na wino.

Kitanda ni chao, na kunguni wao wanawajua. Kilichobaki ni sisi kuuliza, kisha kungoja jibu.